Mnara wa Dimani na Zamu ya Saa Nne

(Uwanja wa mpira, Dimani. Saa nne kasoro dakika tatu asubuhi. Mgeni rasmi anasimama mbele ya kipaza sauti cha uwanjani. Mkono wa kushoto ameshika kipaza kidogo cha redio koli, chenye kitufe ubavuni.)

Ndugu Kaimu Mratibu Msaidizi wa Kamati ya Uratibu Shirikishi wa Mawasiliano ya Delta, yaani KAUSHIMADE. Kaimu wa huyo Kaimu, ambaye nimearifiwa yuko njiani. Wajumbe wa kudumu wa kamati za muda na wajumbe wa muda wa kamati za kudumu. Masheikh wetu na maimamu wetu. Wazee mliopata viti na wazee mnaosubiri viti. Kina mama wa vikundi vilivyosajiliwa, vinavyosajiliwa na vilivyofutwa. Vijana wa bodaboda mliokuja kwa mafuta ya kamati (shangwe na honi). Wananchi wenzangu wa Dimani, pamoja nanyi wa visiwani mnaonisikia kwa njia ya hewa: assalaam alaykum!

(Waalaykum salaam.)

Ambaye sikumtaja ajue nimemtaja kimoyomoyo. Mimi, kama bango lilivyoandika, ni Mheshimiwa Twalibu Seleman, Mwenyekiti wa KAUSHIMADE, mlezi wa vikundi kumi na vinne na mhitimu wa semina elekezi kumi na saba, tano kati ya hizo nilizozifungua mwenyewe kisha nikakaa mbele kujifunza. Nikisema "Delta hewani", mtajibu "Tunasikika". Delta hewani!

(Tunasikika! Safu mbili za mbele.)

Asanteni. Ndugu wananchi, leo ni siku ya kihistoria, na nasema hivyo nikiwa nimeshaitangaza kuwa ya kihistoria tangu mwezi uliopita. Leo tunazindua Mradi Mtambuka wa Mnara wa Mawasiliano ya Kidijitali kwa Maendeleo Jumuishi ya Delta, wenye mnara mmoja mkubwa, mnaouona nyuma yangu (watu wanatazama turubai lenye picha ya mnara), na redio koli ishirini na nne za kisasa, zilizomo katika maboksi haya mnayoyaona yamefungwa utepe, moja kwa kila kitongoji kisichofikiwa na mtandao wa simu.

(Makofi marefu. Mwanamke mmoja anapiga vigelegele.)

Na ili uzinduzi wetu uwe shirikishi kwa vitendo, hotuba hii inarushwa moja kwa moja mpaka visiwani kupitia redio koli iliyopo hapa mezani, tuliyoiazima kwa Mzee Mtoro, mkazi wa hapa hapa Dimani, ambaye amekaa pale safu ya kwanza na kanzu yake nyeupe. Simama, mzee, watu wakuone.

(Mzee Mtoro anasimama. Anainua kidole gumba na kukitikisa.)

Mnaona! Ametuunga mkono kabla sijafika hata aya ya pili. Mzee huyu, kwa wasiomfahamu, alikuwa mtu wa redio katika kivuko cha Ndundu enzi hizo kabla ya daraja, na kivuko kilipokwisha yeye hakukubali kwisha, akajinunulia redio yake, akakata leseni akaitundika ukutani, akafunga antena juu ya boriti tatu za mikoko, na tangu hapo kila siku ya Mungu, saa nne asubuhi, anaita vitongoji vya delta kimoja kimoja, navyo vinaitika: nani mgonjwa, nani kafiwa, maji yamefika wapi. Halipwi na mtu. Kitaalamu hii tunaiita hobi, na kamati yangu haina tatizo na hobi zilizo chini ya uratibu.

Asubuhi hii mzee alitaka kunifundisha. Aliniambia, nanukuu: "Mheshimiwa, ukibonyeza unasikika wewe. Ukiachia ndio unawasikia wenzio. Ukimaliza sema ova, achia kidole." Nikamwambia mzee wangu, mimi nina mengi, nikiachia kila mara wananchi watapoteza mtiririko. Kwa hiyo nimebonyeza, na nitabonyeza mpaka mwisho, maana uongozi ni kushikilia.

(Mzee Mtoro anasimama tena. Kidole gumba juu, kama mtu anayekiondoa kitufeni. Anaonyesha na saa yake ya mkononi.)

Asante, mzee, muda tunao. Na hapa naomba niwe muwazi. Mzee alininong'oneza vilevile kwamba leo zamu ya saa nne ina jambo: huko kitongoji cha Pakacha yupo mama, anaitwa Muzdalifa, uchungu umemshika tangu alfajiri, mimba ya kwanza, na mkunga wa huko, Bi Mwanamize, ataita saa nne kamili aseme hali ikoje, ili Mshamu, dereva wa boti ya wagonjwa, aondoke gatini maji yangali juu, kwani yakishapwa boti haiingii mkondo wa Pakacha mpaka jioni. Nikamjibu mzee kwamba huyo mama ana bahati kuliko wote. Wangapi katika nchi hii wamepata uchungu huku wakisomewa mpango mkakati?

(Kicheko kifupi. Mzee Mtoro hacheki.)

Sasa nije kwenye takwimu. Kabla ya andiko la mradi tulifanya upembuzi yakinifu kwa njia ya simu. Asilimia tisini na nane ya wananchi wa visiwani tuliowapigia hawakupatikana, na asilimia mbili waliopatikana walikuwa wamekuja Kibiti mjini kununua sukari. Hao wote, bila kupingana, walikiri kwamba mawasiliano yana umuhimu. Hiyo ni asilimia mia moja!

(Makofi.)

Niruhusuni nizibe hapa kidogo nimwagize katibu wangu.

(Anaziba kipaza cha uwanjani kwa kiganja. Kidole cha mkono wa kushoto bado kimebonyeza kitufe cha redio.)

Saidy! Hao watoto waondoke kwenye maboksi. Wakifungua wakakuta vigae vya choo cha ofisi tutasema nini? Na turubai lisikanyagwe, kesho mnara unahitajika Bungu. Hii redio ya mzee nayo, tukimaliza tu iweke garini. Kule tutazindua nini bila redio?

(Anaondoa kiganja.)

Naam. Nilikuwa natoa maelekezo ya kiufundi. Ndugu wananchi, wapo wanaotuuliza: redio koli ya nini zama hizi, na kila kijana ana simu ya kupangusa? Swali hilo nililipeleka kwa Mzee Mtoro mwenyewe, barazani kwake, kwa kuwa sisi tunasikiliza makundi yote, hata yenye mtu mmoja. Mzee alinijibu kwa kirefu na mimi nitamnukuu kwa kirefu, ili muone kazi iliyo mbele yetu ya kubadilisha fikra.

Alisema: "Mwanangu, simu ni ya wawili. Mimi na wewe tukinong'ona, jirani hajui kama mama yangu yu mahututi, mpaka aone watu wanachimba kaburi. Redio ni ya wote. Mtu wa Pakacha akisema chombo changu kimezama, wamesikia wa huku na wa kule, na aliye karibu anakwenda, hata kama wamenuniana." Mwisho wa kunukuu. Mimi nikamuuliza, kwa mujibu wa sera, faragha iko wapi? Akasema: "Faragha ya nini kwenye shida?"

(Sauti kutoka kwa wazee: "Sawasawa!")

Subirini, hiyo si sehemu ya kushangilia. Akaendelea kusema kwamba redio iliwafundisha watu adabu, kwa sababu wawili hawawezi kusema pamoja. Mmoja akisema wengine wote wananyamaza, hata awe mtoto, hata awe maskini, na akisema ova ndio zamu inahama. Akasema siku hizi wote wanasema, msikilizaji hayupo; kwenye makundi ya simu mtu anatuma tanzia na chini yake mwingine anatuma picha ya pilau. Akasema enzi za kivuko cha Ndundu mvua ikikata njia, watu walilala foleni siku mbili, wakapikiana, wakajuana majina, na leo wanavuka daraja na vioo vimefungwa. Alipofika hapo sauti yake ilikatika kidogo, akasingizia moshi.

Ndugu zangu, ndiyo hali halisi. Mzee ni tunu, lakini fikra zake hazina viashiria vya kupimika. Tena ana kanuni moja ambayo wataalamu wangu wameshindwa kuielewa. Anasema: kitongoji kikikaa kimya saa nne, usingoje, usiulize sababu, asiyesikika anafuatwa. Yaani mwenye boti aliye karibu awashe mashine aende akaangalie! Bila fomu, bila kibali cha safari, bila hata kujua kama kuna tatizo! Mara ngapi wamekwenda wakakuta betri tu imekwisha, wakanywa chai wakarudi? Kanuni hiyo, kuanzia leo, KAUSHIMADE inaifuta. Badala yake, kitongoji kisichosikika kitajaza fomu namba tisa kueleza kwa nini hakisikiki, na kuituma kwa njia ya redio.

(Minong'ono. Mzee Mtoro amesimama kwa mara ya tatu, kidole gumba juu. Mwenyekiti naye anamwinulia kidole gumba cha mkono wa kulia.)

Tuko pamoja, mzee. Sasa nisome takwimu za mafanikio kata kwa kata, na naomba utulivu.

(Anasoma kwa dakika hamsini na tano. Jua linapanda. Wazee wa safu ya pili wanahamia kivulini. Vijana wa bodaboda wanaondoka kwa mafuta yaliyobaki.)

Nikihitimisha utangulizi, niseme kwamba sijawahi kuhutubia watu waliotulia kama wa visiwani. Saa nzima nimesema, hapana aliyenikatiza! Nidhamu ya namna hii hata kwenye semina elekezi sijaiona. Kwa hiyo sasa naachia kidole, ili ninyi wa Dimani mjisikilizie wenyewe makofi ya delta nzima. Delta hewani!

(Anaachia kitufe. Redio inakoroma. Kisha sauti ya mwanamke, na nyuma yake ngurumo ya mashine ya boti.)

"Mzee Mtoro, Mzee Mtoro, Mwanamize hapa, naita kwa redio ya botini. Wanipata? Nakuita toka saa nne, hewa imejaa mtu mmoja. Basi sikiliza. Mshamu kasikia Pakacha kimya, hakungoja neno, kawasha mashine katufata. Kaingia mkondoni maji yashaanza kupwa, angechelewa robo saa tu asingepita. Muzdalifa mtoto alikaa vibaya, mie peke yangu nisingemuweza. Tumesaidiana humu humu botini, Mshamu kashika kanga ya stara na dua. Kazaa, mheshimiwa yuko kata ya sita. Mtoto mwanamke. Mama yake kavuja damu nyingi lakini tumeshafika zahanati, wamempokea, Alhamdulillahi yuasema. Hilo la kwanza.

"La pili. Visiwa vyote vimesikia habari ya vigae, na ya turubai. Hapa gatini wanauliza, redio yako unarudi nayo nyumbani au kesho inakwenda Bungu? Maana ikienda Bungu, kesho saa nne sisi tunamwita nani? Ova."

(Mtoto mmoja anafungua boksi. Anatoa kigae cheupe, anakiinua juu.)

Ndugu wananchi. Hiyo mliyoisikia ndiyo inayoitwa fidbaki, yaani mrejesho, na mradi wowote makini hupokea fidbaki. Katibu aandike kwamba mnufaika wa kwanza amepatikana ndani ya saa moja ya uzinduzi, jambo ambalo halina mfano katika ukanda huu.

(Macho yote yako kwenye kigae.)

Kwa hiyo, kabla sijaketi, nishukuru. Namshukuru mchoraji wa Kibiti aliyeuchora mnara wetu kwa ustadi mpaka baadhi yenu mkaona na nyaya. Nawashukuru wenye vigae, ambao watarudishiwa vigae vyao vikiwa kamili, ukiacha hicho. Nawashukuru wataalamu, ambao wataajiriwa pindi andiko litakapoandikwa, ambalo litaandikwa pindi mradi utakapobuniwa. Namshukuru Mzee Mtoro kwa redio, bila ya hiyo tusingekuwa na kifaa cha kuzindua. Na kwa namna ya pekee namshukuru yule mtoto mchanga, ambaye katika yote niliyoyatangaza leo ndiye pekee aliyekwishawafikia walengwa. Delta hewani!

(Hakuna anayejibu.)

Nimesema, Delta hewani!

(Mzee Mtoro anapanda jukwaani, polepole, akishika ukingo wa meza. Mwenyekiti amekwishabonyeza kitufe tena. Mzee anaushika mkono wake, anakitoa kidole kitufeni, anachukua kipaza chake, anakifuta kwa upindo wa kanzu.)

"Mwanamize, nimekupata. Mwambie Mshamu kafanya la maana. Redio inarudi kwangu sasa hivi, naibeba mwenyewe. Leo tumechelewa, zamu ya saa nne tunaianza upya. Nani mwingine ana jambo? Ova."

(Anaachia kitufe. Uwanja mzima unanyamaza kusikiliza.)