Tumbo la Lourenco

Jumatatu, 4 Agosti
Lourenco kaangushwa na tumbo tena! Mwaka wa pili huu linamkamata, linamwachia. Kapimwa minyoo, taifodi, kichocho, vidonda vya tumbo. Hakuna kitu. Jioni nimemwona Olinda, muuza ming'oko wetu hapa Chuno, ile mizizi ya porini ya kuchemsha, akimpelekea uji kwenye hotipoti. Hotipoti! Mimi nanunua ming'oko yake kila siku, hajawahi hata kuniuliza nimeamkaje. Nimeona wivu, wali nimeuacha.

Jumanne, 5 Agosti
Mpango: nami nitaumwa. Nimekwenda kumjulia hali Lourenco, nikamhoji vizuri. Maumivu huanzia chini ya mbavu, upande wa kulia, yakapanda begani. Akasema anaogopa atakufa bila kujua kinachomuua. Nikamwambia ajikaze. Bega la kulia. Nimekariri.

Jumatano, 6 Agosti
Nimeanguka mbele ya meza ya Olinda, wateja wamejaa. Nimelia vizuri sana! Tatizo moja: ming'oko ilikuwa bado mdomoni. Mzee Rajabu akashangaa, akasema hili si ndilo tumbo la Lourenco, na Lourenco si hula hapahapa? Mama mmoja akadakia kwamba hii mizizi huchimbwa porini, labda Olinda kachanganya na mingine isiyoliwa. Watu wakarudisha vibakuli, wakaondoka. Ningeweza kusema ukweli. Lakini Olinda alikuwa amenishika mkono!

Alhamisi, 7 Agosti
Bwana afya kafunga biashara ya Olinda mpaka uchunguzi uishe. Olinda kakaa juu ya ndoo, analia, anasema mama yake kule Kilambo atakula nini. Na mimi mgonjwa, mbona sijaletewa uji?
Mchana Lourenco kajikongoja hadi pale, kajipinda, kala kibakuli kizima cha ming'oko iliyobaki mbele ya watu. Akawaambia tumbo lake lilianza kabla Olinda hajahamia Chuno. Anajipendekeza tu. Kinachoniuma ni kwamba sikuliwaza mimi.

Jumamosi, 9 Agosti
Bwana afya katupeleka hospitali wote wawili, tukapigwa picha ya tumbo. Lourenco ana mawe kwenye mfuko wa nyongo. Kalia kwa furaha, mtu mzima, eti hatimaye ugonjwa wake una jina. Daktari akasema mimi sina kitu, ni gesi. Kasema kwa sauti, foleni nzima imesikia! Mwenzangu mawe, mimi gesi?
Olinda karuhusiwa kuuza tena. Akaniuliza, kaka Erasto, siku ile uliumwa kweli? Nikamjibu, kiasi.

Jumapili, 24 Agosti
Lourenco kapasuliwa, kapona. Wazee wake wamekwenda Kilambo kupeleka posa kwa akina Olinda. Mimi nikipita, Olinda anafunika ming'oko yake kwa kitambaa. Nimeonewa sana mwaka huu.
Ila nilipokwenda wodini kumsalimia Lourenco (nilitaka kuona kama kovu ni kubwa), nimemwona muuguzi mpya, Rebeka. Alikuwa anamhudumia kijana aliyevunjika mguu. Anamwita mpenzi wangu, pole mpenzi wangu! Yule kijana wala si mzuri.
Kesho asubuhi napanda mkorosho wa jirani. Tawi bovu nimeshalichagua.