Ombi la Kuuharibu Ufukwe Kabla ya Likizo

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Kuupendezesha Mji.

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA UZURI WA MJI WETU

Mheshimiwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na umelala kitandani kwako mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani wa mtaa ulio nyuma ya ufukwe, mwenye kibanda cha mabati ya bluu. Huenda hunijui, lakini umewahi kunikalia: mito ya viti vya hoteli nyingi za hapa nimeishona mimi, na ile miavuli ya mistari iliyopangwa mchangani ni kazi ya cherehani yangu. Nayasema haya ili usidhani naandika kwa wivu. Naandika kwa sababu ya kiuno.

Kamati yenu imeupendezesha mji huu kupita kiasi. Wengine wanawapongeza. Mimi naomba, kwa unyenyekevu wote, muuharibu kidogo kabla shule hazijafungwa. Sababu zangu ni hizi:

1. Usafi wa mchanga. Zamani ufukwe ulikuwa na vipande vya chupa, mwani uliooza na mbwa koko, na mimi nilikuwa na ndugu wachache ninaowajua kwa sura. Mlipoufagia, nikagundua nina ukoo. Likizo iliyopita alifika kijana mmoja na mkewe na watoto, akaniita baba mdogo, akaenda moja kwa moja kufungua jokofu. Mpaka wanaondoka sikuwa nimejua undugu wetu unapitia wapi. Niliona haya kuuliza, kwa kuwa nilishawaogesha wanawe.

2. Mabomba ya kuogea. Mliyaweka pale ufukweni ili watu wajisuuze mchanga kabla ya kuondoka. Wageni wa hoteli wanajisuuza. Wa kwangu wanasema, ya nini kupanga foleni na nyumbani kwa mjomba kupo? Mchanga wote wanauleta. Nimeukuta ndani ya kopo la sukari na ndani ya cherehani. Hoteli moja ilinirudishia mapazia kwa kuwa yalikuwa yakimwaga mchanga kwenye zulia, na meneja akaniuliza kwa upole kama huwa nayashonea ndani ya maji.

3. Mwokoaji. Shangazi yangu, ambaye ukoo mzima unamwita Kidogo Tu kwa sababu kila mwaka huja kukaa kidogo tu, alikuwa anaogopa bahari kuliko mahakama. Hofu ile ndiyo iliyokuwa ngao yangu. Ninyi mkaajiri mwokoaji, kijana mwenye filimbi na kifua. Sasa shangazi anazama kila asubuhi, tena kwa makusudi, kwenye maji yasiyomfika magotini.

4. Malazi. Chumbani kwangu hulala mama mkwe, ambaye hata baada ya mke wangu kutangulia mbele ya haki hajaacha kuja. Katika vyumba vingine hulala watu ambao sijawahi kuwahesabu wakiwa wametulia. Mimi hulala juu ya meza ya kukatia vitambaa, na hapo ndipo kiuno kinapoingia katika shauri hili. Asubuhi moja mteja alikuja kuchukua suruali yake, akanikuta nimejinyoosha mezani, nimejifunika pazia jeupe la hoteli. Alivua kofia akanipa pole ya msiba kabla sijafungua macho. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa wageni nilionao mimi, ningekuwa na afya ya chuma.

5. Jembe. Wahenga haohao walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Nikamnunulia shemeji jembe. Alishukuru sana, akaenda nalo ufukweni kuwachimbia watoto shimo la kuchezea. Jioni aliuliza kama naweza kupata na la pili.

6. Hili la mwisho nimelichelewesha kwa sababu halihusu kiuno. Wakija kwangu, wanakwenda baharini. Wakirudi, wanakula na kulala. Wakiondoka hunionyesha picha kwenye simu: bahari, mwavuli, watoto, bahari, mwavuli. Mwavuli ni wangu. Mimi mwenyewe nimo katika picha moja tu, na ni kiwiko changu tu, kimewashikia viatu. Linaniuma, Mheshimiwa, sitaki kukuficha.

Msidhani nalalamika bila kufanya utafiti. Nilipanda basi hadi mji jirani, ule ambao watalii waliukimbia. Ni mahali pazuri mno. Mawe yamejaa mpaka ndani ya maji, choo cha umma hakina mlango, na bwawa la hoteli yao kubwa limeota majani. Nilimtembelea fundi mwenzangu wa huko. Vitanda vyake vimetandikwa vikanyooka kama ubao, na hakuna alama ya kiatu cha mtoto hata ukutani. Hakuniruhusu kuondoka mapema. Alileta chai, akaleta nyingine, akanionyesha nguo alizowashonea wajukuu ambao kwa sasa lazima wawe wameshaota ndevu. Kisha akanisindikiza hadi kituoni, akasimama pale akinipungia mkono hata basi lilipokata kona. Watu wa kule wana muda wa kutosha. Nilirudi nikiwa nimevutiwa kweli, ila sikulala vizuri, nadhani kwa ajili ya chai.

Kwa hiyo sitaki makubwa. Mbwa koko warudishwe kazini. Mwokoaji apewe shati. Bango la KARIBUNI TENA libaki KARIBUNI, na bajeti ikiruhusu, libaki HAYA. Samaki mmoja mkubwa aachwe aoze mahali penye upepo. Samaki nitachangia mimi. Na kama kamati itaona ni vigumu kuuharibu ufukwe, basi uhamishwe. Nyuma ya uwanja wa mpira kuna nafasi.

Najua mtauliza: hoteli zikifungwa, miavuli utamshonea nani? Nimelipima hilo kwa makini, nikaona kwamba nitakufa njaa, lakini nitafia kitandani kwangu.

Nisalimie wajumbe wote, mtunza hazina, na mama anayewapikieni chai vikaoni. Mwokoaji naye msalimie. Sina ugomvi naye binafsi, na shangazi anamtakia heri.

Wako katika ujenzi wa mji, na katika ubomoaji wake,
Fundi wa Kibanda cha Bluu.

Nyongeza: Barua hii ilichelewa kwa kukosa bahasha, na kwa kukosa subira nikachukua hatua mwenyewe. Niliandika kwenye kundi la familia kwamba ufukwe umefungwa kwa matengenezo. Shangazi akajibu: "Pole baba. Basi mwaka huu tunakwenda kwa binamu yako kule ziwani. Wakifungua utatuambia." Wote wakaweka dole gumba, hata mama mkwe, ambaye sikujua kama anaweza. Likizo imeanza. Nyumba imetulia, kiuno kimepona, na jana alipokuja mteja kupunguziwa suruali niliipunguza polepole ili akae. Nimewaandikia ndugu kwamba ufukwe umefunguliwa. Hawaamini. Wanasema najikaza tu nisionekane mchoyo. Kwa hiyo, Mheshimiwa, tafadhali msiharibu chochote. Ninachoomba ni barua fupi ya kamati, yenye muhuri, ithibitishe kwamba ufukwe uko wazi, maji ni safi na mwokoaji yuko zamu. Na chini ya hapo, kama karatasi itakuwa na nafasi, mwandike kwamba na mwenyeji yupo.