Mkia wa Pikapu ya Idara

Kwa heshima na taadhima, wakazi wa Machakos walitangaziwa kwamba tangu siku hiyo hakuna gari litakaloruhusiwa kutembea likiwa limekalia makalio. Nyuma iliyolala ni dalili ya uvivu, na nyuma iliyoinuka ni dalili ya kiburi. Magari yote yawe sawa, mbele na nyuma, kama raia. Sheria ilitiwa sahihi na Mheshimiwa mwenyewe. Papo hapo ikaundwa Idara ya Usawa wa Magari, ikapewa kibanda, pima maji ya fundi wa mawe, na kaimu mkurugenzi, Bwana Kitonga.

Kabla ya hapo Bwana Kitonga alikuwa akihesabu mbuzi katika soko la Katelembo. Ukaimu ni mtamu, lakini ni wa kuazima, kama suti ya harusi. Mheshimiwa alikuwa amesema atakuja Ijumaa kulikagua gari la Idara. Likiwa sawa, Kitonga angethibitishwa. Likiwa limelala, angerudi Katelembo. Na mbuzi, Kitonga alijua vizuri, hawampigii mtu saluti.

Palikuwa na shida moja ndogo ya kiutawala. Gari la Idara lilikuwa pikapu ya zamani, na springi zake za nyuma zilikuwa zimebeba mpaka zikanyooka, kisha zikanuna. Usiku taa zake hazikumulika barabara, zilimulika bundi.

"Boss," alisema Maundu, dereva, "tuongeze springi moja tu pale kwa mafundi wa Jua Kali. Chai haitapoa kabla hatujamaliza."

"Maundu, Idara ikitengeneza gari imekiri kwamba lilikuwa bovu. Na Idara ikiwa na gari bovu, nani atawakamata wengine?"

"Si ni sisi tu?"

"Nyamaza. Uko kikaoni."

Kikao kiliamua kwa kauli moja kwamba nyuma haijashuka, ila mbele ndiyo iliyopanda. Maundu akaagizwa akalie boneti. Gari likawa karibu sawa, lakini likakosa dereva. Azimio likaahirishwa kwa masikitiko.

Wiki hiyohiyo akaletwa Abdiwahid, mfanyabiashara wa mbuzi, kwa kosa la kiburi. Pikapu yake ilikuwa imeongezwa springi, nyuma iko juu kama kuku anayekunywa maji.

"Wallahi mkubwa, hii ni kwa sababu iko tupu. Nikipakia mbuzi inakaa sawa."

"Basi kuanzia leo ni marufuku kutembea tupu," alisema Kitonga, akagonga muhuri kwenye kibali. "Na mzigo ukishapanda, haushuki mpaka Katelembo. Ukishuka njiani, mkia utainuka, na hapo utanijua."

"Na nikiuza mbuzi njiani je?"

"Tafuta uzito mwingine. Sheria haijui mbuzi, inajua usawa."

Usiku wa kuamkia Ijumaa Kitonga hakulala. Alfajiri wazo likamjia, naye akainuka kitandani bila springi yoyote: Kituluni! Si kule maji hupanda mlima, na watu hutoka mbali kuja kumwaga chupa zao wayatazame? Basi ikiwa maji matupu yanapanda, sembuse mkia wa pikapu?

Ijumaa pikapu ikaegeshwa Kituluni ikitazama juu ya mlima, mawe mbele ya tairi, maana breki ya mkono nayo ilikuwa kaimu. Pima maji ikawekwa. Kipovu cha ndani yake kikatembea polepole, kikasimama katikati kabisa. Watu wakapiga makofi. Kitonga alifuta macho.

"Nani ameweka mawe kwa gari langu?" akauliza Mheshimiwa, ambaye alikuwa amepanda na kusimama sehemu ya mizigo ya pikapu, tayari kuhutubia. "Yanaharibu picha."

"Mheshimiwa, hayo mawe ni ya..." Maundu alianza.

"Toa!"

Yakatolewa.

"Wananchi," alisema Mheshimiwa, "chini ya uongozi wangu, hakuna kitakachorudi nyuma!"

Na kweli hakikurudi. Pikapu ilianza kupanda mlima, mdogo mdogo, bila dereva, bila injini, Mheshimiwa akiwa ameinua mkono. Umati ulishangilia ukidhani imo kwenye ratiba. "Aiya! Shikeni!" Maundu alipiga kelele, lakini gari la serikali likishaamua kusonga mbele nani atalishika? Lilisimama kwenye rundo la mchanga. Springi zikalia mara moja, zikakata roho.

Mheshimiwa alikuwa mzima, ila ana mchanga mpaka masikioni. Gari pekee lililokuwa likipita lilikuwa la Abdiwahid, akitoka Ndithini, nusu ya mbuzi keshawauza, mkia uko juu.

"Nitakaa mbele," alisema Mheshimiwa.

"Kwa heshima," alisema Kitonga, "bila uzito wako nyuma, gari hili ni kosa."

Mheshimiwa akapanda nyuma. Kipovu kikasimama katikati.

Walipofika mjini, paa la gari likagongwa. "Simama! Nashuka ofisini!"

"Kibali kinasema mzigo haushuki mpaka Katelembo, mkubwa," alisema Abdiwahid kwa upole.

"Kitonga! Mwambie huyu!"

Kitonga akatoa kichwa dirishani. "Mheshimiwa, kibali hufutwa na mkurugenzi kamili. Mimi ni kaimu tu."

"Basi nimekuthibitisha! Saa hii! Mbele ya hawa wote!"

Watu wa barabarani walisikia. Mbuzi pia. Kitonga akanyoosha tai, akaona suti sasa ni yake. Akatazama pima maji iliyokuwa mapajani mwake.

"Mkurugenzi kamili," alisema, "hawezi kuanza kazi kwa kuvunja sheria aliyoitia sahihi Mheshimiwa. Abdi, twende."

Huko Katelembo, mnunuzi mmoja alizunguka pikapu, akapapasa mbuzi mmojammoja mgongoni, kisha akafika kwa yule mwenye mchanga masikioni. Akamgusa mbavu kwa fimbo.

"Na huyu ni pesa ngapi?"

"Huyo hauzwi," alisema Mkurugenzi Kitonga. "Huyo ni wa kusawazisha tu."