Zamu ya Jumamosi na Kompyuta Iliyogoma

Jumapili, 6 Aprili

Habari njema. Mzee Armas wa ghorofa ya tatu amehamia mji wa Oulu kwa bintiye. Zamu yake ya sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke, iko wazi: Jumamosi, saa kumi na mbili jioni! Katika jengo letu zamu kama hiyo mtu huiacha kwa kuhama au kwa kufa, basi. Mimi ninaoga Jumanne saa tisa alasiri, mwaka wa kumi na tisa sasa. Saa tisa mawe hayajashika moto. Ni kukaa uchi tu kwenye chumba cha mbao.

Desturi inajulikana. Zamu iliyo wazi hugombewa Alhamisi saa sita mchana, na wa kwanza kuandika jina kwenye orodha ndiye mwenye zamu. Orodha iko kwenye kompyuta ya chumba cha kufulia. Kompyuta inatumia mfumo wa Linux. Msimamizi wake ni mimi, Tauno Vehkaperä. Nani mwingine?

Kwa hiyo nimeifunga orodha, kwa zile zana za usimamizi. Dakika mbili. Hakuna awezaye kuandika mpaka mimi niifungue. Alhamisi nitaweka jina langu kwanza, ndipo niwafungulie wengine. Safi.

Nimeisafisha pia. Kuna kijiprogramu ambacho kila nikifungua zana kinaniuliza neno la siri. Mimi! Msimamizi! Nimekifuta. Kompyuta ikauliza kama nina uhakika. Ikauliza tena. Nina uhakika.

Jumatatu, 7 Aprili

Kompyuta imeleta masasisho ya programu, mia na kumi na mawili. Nimeyakubali yote bila kusoma. Kompyuta ikajizima, ikajiwasha.

Zana hazifunguki. Nabofya, kiduara kinazunguka kidogo, kisha kimya. Hakuna dirisha, hakuna onyo. Mchezo wa karata unafunguka. Utabiri wa hewa unafunguka: theluji. Zana za usimamizi pekee ndizo zimegoma, na bila hizo orodha haifunguki. Masasisho yameniharibia mashine!

Akaingia Bi Hilkka Ojaniemi wa ghorofa ya kwanza na kikapu cha nguo. Miaka sabini na minne, mstaafu wa kampuni ya simu. Ana zamu nzuri, Ijumaa saa moja, lakini anaitaka ya Jumamosi kwa sababu wajukuu wake huja siku hiyo. Hajasema. Hapa watu hawasemi. Najua tu.

Akauliza kama kuna tatizo. Nikasema hakuna. Akasema vizuri, maana mtu anayebofya mahali pamoja mara arobaini kwa kawaida huwa nalo. Nikamjibu nafanya mazoezi ya kidole.

Jumanne, 8 Aprili

Zamu yangu. Mawe vuguvugu. Nimetumia muda huo kufikiri.

Nimeizima na kuiwasha mara tisa. Nimebadilisha picha ya skrini. Nimebofya taratibu, nimebofya kwa ghafla. Bure kabisa.

Nikaomba msaada kwenye jukwaa la mtandaoni la watumiaji wa Linux, kwa jina la bandia, Dubu wa Turku, ili nisijulikane. Baada ya dakika nne akajibu mtu anayejiita Swichibodi, kama ule ubao wa zamani wa kuunganishia simu. Alisema nifungue lile dirisha jeusi la amri, niite zana kutoka humo, kisha nisome inachosema. Akauliza pia kama kuna kitu nilichofuta kabla ya masasisho. Nikajibu hakuna. Hayo si ya kumwambia mtu nisiyemjua.

Jumatano, 9 Aprili

Karatasi kwenye ubao wa ngazini, haina jina: "Orodha ya sauna imefungwa. Aliyeifunga anajijua." Watu wamepita wakinitazama viatu. Mzee Kauko, mwenyekiti wetu, amenisalimia kwa unyusi mmoja. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Nimebandika yangu chini yake: "Kosa ni la masasisho. Wahandisi wanashughulikia." Mke wangu Terttu akauliza wahandisi gani. Nikamwambia mimi na mwenzangu wa mtandaoni. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, akachukua andazi la pili la iliki.

Mchana nikalifungua dirisha jeusi. Sipendi pale, mtu anajihisi yuko kwa daktari. Likasema hakuna programu ya kuuliza neno la siri. Bila shaka hakuna! Niliifuta mwenyewe! Sasa hilo linahusianaje na zana?

Nikamweleza Swichibodi. Akajibu: "Bawabu umemfukuza wewe mwenyewe, sasa unashangaa mbona mlango haufunguliwi. Mrudishe kwa amri hii hapa chini. Na unywe kahawa kwanza, Tauno."

Nimesoma mara tatu. Jina langu amelijuaje? Hawa mabingwa wana mitambo.

Sitairekebisha leo. Ikipona leo kuna mjanja atawahi. Kesho, saa sita kasoro dakika kumi.

Alhamisi, 10 Aprili

Kasoro kumi: nimeshuka. Nimeandika amri. Nimekosea herufi. Nimeandika tena, nimekosea nyingine.

Kasoro mbili: imekubali. Inapakua. Mtandao wa jengo unatambaa. Ikaniuliza kama nina uhakika, na kwa mara ya kwanza maishani nikasita.

Sita na dakika saba: zana imefunguka! Ikaniuliza neno la siri. Sijawahi kufurahi hivyo kuulizwa kitu. Nikafungua orodha, nikaandika Tauno Vehkaperä, Jumamosi, saa kumi na mbili. Macho yaliloa kidogo. Ni mvuke wa mashine za kufulia.

Nikatoka. Mlangoni pa sauna kuna daftari la mistari limening'inizwa kwa uzi, na penseli pembeni. Ukurasa wa Jumamosi: Hilkka Ojaniemi, ameandika leo saa sita kamili. Chini yake sahihi ya Kauko. Majirani kumi na mmoja wamesimama na vikombe vya kahawa.

Nikasema orodha halali ni ya kwenye kompyuta. Kauko akasema orodha ni ile inayoandikika. Akanywa kahawa. Ndiyo hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kutoa.

Bi Hilkka akaniambia, "Pole, jirani. Lakini bawabu si amerudi?" Nikasema amerudi. Nimepanda ngazi zote nikijiuliza alimaanisha bawabu gani. Jengo letu halina bawabu.

Ijumaa, 11 Aprili

Asubuhi Bi Hilkka kagonga. Kasimama kizingitini anatazama zulia. Kasema zamu yake ya Ijumaa sasa imebaki wazi, na ameshaniandika mimi kwenye daftari kabla watu hawajaanza kuuliza. Kasema miaka kumi na tisa ya Jumanne inamtosha binadamu yeyote. Terttu akamkumbatia! Sisi hatukumbatiani. Nikasema asante, na nilimaanisha, kwa muda wa dakika kumi hivi.

Saa moja jioni nikaingia. Moto! Moto wa kweli! Nilimwaga kata moja ya maji juu ya mawe nikashuka benchi la juu kwa magoti. Nikaona jinsi nilivyoonewa miaka yote hii. Na kama Ijumaa iko hivi, Jumamosi ikoje?

Halafu nikakumbuka kitu. Lile daftari limeandikwa kwa penseli.

Jumamosi, 12 Aprili

Nimenunua kifutio. Saa mbili asubuhi korido ilikuwa tupu.

Bi Hilkka anakandamiza penseli, mkono wa mtu aliyeandika namba za simu maisha yake yote. Jina halikutoka. Nikasugua. Nikasugua zaidi. Karatasi ikatoboka, tundu la ukubwa wa yai. Nikaigeuza karatasi nione tundu limefika wapi. Upande wa pili ni Ijumaa. Pale penye tundu palikuwa na jina langu.

Saa kumi na mbili wajukuu wa Bi Hilkka waliingia sauna na bibi yao. Kicheko chao kilisikika mpaka ghorofa ya tano. Zamu yake haikuhitaji karatasi, jengo zima linaijua. Yangu ilikuwa na umri wa siku moja. Kauko amelitazama tundu, akanitazama mimi, akasema Ijumaa iko wazi na itagombewa Alhamisi ijayo kama desturi. Mimi nibaki na Jumanne. Terttu hajanisemesha tangu chakula cha mchana.

Nimemwandikia mwenyekiti barua, kurasa mbili. Nimemweleza kwamba daftari lile halina ulinzi wowote, kila mtu analifikia, na matokeo ameyaona mwenyewe. Linahitaji kufuli, na msimamizi mwenye uzoefu. Nimependekeza jina langu.