Divai ya Meza ya Bwana

Jumatatu, 22 Septemba. Umbilo.

Jumapili Papa Pasteur, mchungaji wetu, atamtaja shemasi mpya. Tumebaki wawili: mimi, Peguy, fundi simu mwenye adabu zake, na Vénérand wa ghala la Mobeni, mwenye kiburi na viatu vinavyong'aa. Eish! Lakini Mungu si Athumani. Mzee mmoja mteja wangu ameniazima gari-nyumba lake. Vitanda, jiko, choo, vyote ndani! Nimemwambia Papa Pasteur waumini wamechoka na sharubati ya dukani kwenye meza ya Bwana. Twende milimani polepole, tukirudi tupitie shamba la mizabibu, tuchague divai ya kweli. Amekubali. Nikaomba Vénérand naye aje. Huko watu huonjeshwa bure, na Vénérand hajawahi kukataa cha bure. Paulo aliandika wazi: shemasi asiwe mtu wa divai nyingi. Ha!

Jumatano, 24 Septemba. Njiani.

Nimeendesha mwendo wa konokono, kwa makusudi. Papa Pasteur nimemkalisha pembeni yangu asikie sifa zangu vizuri. Kufika Pinetown tu, hapo jirani, saa nzima. Malori yametupita yote. Trekta moja pia. Nilipofika sifa yangu ya nne, Papa Pasteur alikuwa anakoroma. Tulipoegesha, Vénérand akamkaangia mayai Mama Henriette, mke wa Papa Pasteur. Mama akasema mikono ile ina baraka. Baraka gani? Yaliungua! Nilikula matatu.

Alhamisi, 25 Septemba. Drakensberg.

Milima mizuri, sikatai. Baridi imeniingia mpaka kwenye meno. Mama Henriette amesonga fufu nje, Wazungu wa gari la jirani wakaja kuonja sombe, kisamvu chetu, wakaongezewa. Vitanda viko vinne, kimoja kimejaa sufuria za Mama. Mimi nimelala chini, mlangoni pa choo. Vénérand akasema shemasi wa kweli hulala popote. Wote wakacheka. Cheka tu, kaka. Kesho utanitambua.

Jumamosi, 27 Septemba. Umbilo.

Jana sikuandika. Jana sikuweza.

Binti wa shamba alimpangia kila mtu glasi sita. Akaeleza: onja, sukutua, tema kwenye ndoo. Vénérand akatema. Zote sita, bila haya, mbele ya Papa Pasteur! Kwetu Uvira hakuna kutema mbele ya mkubwa. Nikameza. Kwa heshima. Papa Pasteur alinusa tu, akanisogezea zake. Nani anakataa anachopewa na mkubwa? Nikameza. Za Mama Henriette pia.

Yaliyofuata nimesimuliwa. Eti nilikumbatia pipa. Eti nilimwita Papa Pasteur "Séverin", jina lake tupu, hivyohivyo, kama mtu niliyechunga naye mbuzi. Nikamwambia mahubiri yake ni marefu kuliko barabara ya Johannesburg. Kisha nikalia, nikaeleza mtego wote niliomtegea Vénérand, kwa sauti, pamoja na andiko la Paulo. Vénérand ndiye aliyeturudisha. Mbio. Leo sikufungua duka, kwa aibu.

Jumapili, 28 Septemba.

Shemasi ni Vénérand. Alivaa viatu vile. Nilipiga makofi huku roho ikiniuma kweli, maana miaka kumi na moja ni mimi ninayepanga viti vya kanisa hili. Papa Pasteur akanisamehe mbele ya watu wote, akanipa kazi ya kunifunza unyenyekevu: kuosha vikombe vya meza ya Bwana. Divai ilikuwa ile ya safari yetu. Waumini hawajaizoea, wameonja tu. Vikombe tisini, na kila kimoja kimebaki nusu.

Sasa, divai iliyobarikiwa haimwagwi kwenye sinki. Ni kukosa heshima. Nimemaliza vyote tisini.

Niko sharp kabisa. Na nimepata mpango mpya, mzuri kuliko ule wa kwanza! Kiti cha mhazini kiko wazi mwezi ujao. Gari-nyumba bado liko mlangoni kwangu. Ngoja nimfuate Séverin nimweleze.