Kilima Kifupi Mno Nyuma ya Karakana Yangu

Ndugu Mkuu wa Idara ya Mambo ya Kale,

YAH: KUOMBA KILIMA KIONGEZWE UREFU

Heshima yako kwanza. Mimi ni seremala. Karakana yangu iko chini ya kile kilima cha pwani chenye magofu, ambacho idara yako inakitunza. Kilima na mimi tuliishi bila ugomvi hadi mama mkwe alipohamia kwangu. Nampenda. Hilo naomba liingie kwenye faili.

1. Kilima ni kifupi. Mama mkwe hukipanda baada ya chakula cha mchana bila hata kuhema. Kingekuwa mlima wa maana, angeishia njiani.

2. Watu wa kale walijenga bila kufikiria majirani. Ukuta wao umebomoka ukabaki kimo cha kiti, bahari upande huu, karakana yangu upande ule. Wageni hutazama bahari. Mama mkwe anasema bahari ameshaiona.

3. Mchana huwa najilaza kidogo juu ya mbao ili zinyooke. Yeye huita jambo hili usingizi, na akishuka humwambia mke wangu kabla hajavua viatu. Mke wangu huniuliza taratibu, "Baba watoto, leo zimenyooka?" Afadhali angefoka.

4. Bwana mmoja aliyeniagiza kitanda cha harusi ya bintiye alipanda huko kupunga upepo, akaketi karibu na mama mkwe. Aliposhuka, alikuja kuchukua mbao zake.

5. Sasa waongozaji wa watalii wananionyesha kwa kidole, baada ya kisima na kabla ya makaburi. Nimekuwa mambo ya kale nikiwa hai, na idara haikuniuliza.

Kwa hiyo naomba kilima kiongezwe udongo. Ikishindikana, magofu yamaliziwe kubomolewa, maana kazi kubwa imeshafanyika. Hilo nalo likishindikana, yajengwe upya, yaezekwe, na madirisha yote yaelekee baharini.

Nisalimie wote hapo ofisini: karani wa masjala, dereva, na mama anayewapikia chai. Mama mkwe pia anawasalimu, ingawa hajui naandika nini.

Wako, ninayengoja jibu nikiwa macho kabisa,
Fundi wa Chini ya Kilima

Baada ya kusaini: Kabla sijaituma barua hii, mama mkwe ameteguka mguu uani, akakatazwa kupanda. Sasa anashinda humu karakanani, ubavuni mwangu, akinifundisha kushika randa. Tafadhali msiisome barua. Kilima ni kirefu mno kwa mtu wa umri wake. Kipunguzeni, au mniruhusu niweke ngazi zenye mahali pa kushikia. Nitazitengeneza bure, na kwa mara ya kwanza tangu niwe fundi, naahidi kumaliza kazi kabla ya siku niliyosema.