Vita ya Muamba na Macho ya Samaki juu ya Meza ya Joyeuse

Mama Rachelle, jirani yangu wa Kapata, mtaa wa Kolwezi, aliniambia habari hii siku ya Pasaka mwaka 1995, akila muhogo wangu. Nami naiandika kama nilivyoipokea. Basi funikeni masufuria, enyi wamama. Zimeni redio, enyi watata. Sikilizeni vita iliyopiganwa juu ya meza moja!

Ilikuwa mwaka 1993, wakati watu wenye asili ya mkoa wa Kasai walipokuwa wakifukuzwa Kolwezi, hata wale waliozaliwa hapa. Ndipo aliposimama Muamba seremala, mwana wa Mukuna, bwana wa randa, mtisha-misumari. Kamyo ya kumpeleka stesheni ya treni ilikuwa inakuja saa nane mchana, na meza ya ndoa ya Joyeuse, binti wa Rachelle, ilikuwa haijapata verni, ile rangi ya kung'arisha mbao.

"Tata Muamba, acha tu," Rachelle akamwambia. "Itabakia hivi."

"Hapana, mama! Kazi balishakamata, nyumba batakamata. Jina yangu haitabakia mu Kapata na meza ya kukwaruza batu!"

Pale uani kwake akashika pistole yake ya kupulizia verni. Kompresa ikanguruma kama majeshi kumi, verni ikashuka juu ya mbao kama umande wa Edeni. Lo! Mara ikajitenga, ikafunguka vitundu vya mviringo kama macho ya samaki, mia na zaidi, vikimkodolea shujaa bila haya.

Akakwangua, akapiga msasa, akamwaga maji chini kulifunga vumbi gerezani. Akapuliza tena: macho! Akaishitaki kompresa kwamba inatema mafuta. Akapuliza hewa ya kompresa juu ya kioo, na kioo kikabaki bila tone la mafuta, safi kama roho ya mtoto aliyebatizwa jana. Akakwangua, akapuliza mara ya tatu: macho, tena yamezaa.

Ndipo akamwona Ndaya, bibi yake wa ndoa, amepiga magoti, anasugua kwa nta nyekundu sakafu ya simenti ya nyumba ile ile walimokuwa wakifukuzwa, kama kila Jumamosi, siku ya posho.

"Ndaya! Unafanya nini?"

"Napiga nta. Banatufukuza, njo tuache buchafu? Batasema bamama ya Kasai ni bachafu!"

"Na kitambaa hiki?"

"Njo nilipangusa nayo meza yako, ing'are. Hata aksanti haukunipa."

Shujaa akaelewa: verni haishiki juu ya nta. Adui alikuwa ndani ya boma, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwoa!

"Leta kitambaa safi!"

"Byote biko na nta. Inabakia shimizi yako ya ndoa, iko mu kifurushi."

"Tata, hapana ile!" Rachelle akalia.

Lakini kamba za kifurushi zilikwisha kukatwa. Verni ikakwanguliwa mara ya mwisho. Shimizi nyeupe, shati la harusi yake, ikashuka vitani, imelowa diliyan inayoyeyusha verni na nta, ikafuta nta pembe kwa pembe hata ikawa nyekundu kama askari aliyeanguka. Muamba akapuliza kwanza ukungu mwembamba, akangoja ukauke, kisha akaishusha verni yote. Wote watatu wakainama. Hakuna jicho hata moja! Rachelle akapiga vigelegele, na Kapata yote ikumbuke: siku hiyo mtu aliyefukuzwa aliifukuza nta.

Kamyo ilipofika, Rachelle akawasindikiza hadi stesheni, kati ya watu elfu na mizigo yao. Usiku, wakingoja treni, Ndaya akalala kwanza, kichwa juu ya furushi. Muamba, amevaa koti bila shimizi, akaukataa usingizi.

"Mama Rachelle, umwambie Joyeuse asiweke sufuria ya moto juu ya meza mbele ya siku saba."

"Naapa kwa Mama Maria."

"Saba, mama. Hapana sita."

"Saba, tata. Lala."

Akalala.